Alitoweka au Alitoweshwa? Kiswahili, Wafiwa na Kumbukumbu za Waliouawa chini ya Utawala wa Idi Amin nchini Uganda

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna watu waliouawa au kutoweshwa chini ya utawala wa kijeshi wa Idi Amin nchini Uganda (1971–1979) wanavyokumbukwa, ikiiweka familia iliyofiwa kuwa kipimo cha uhakiki. Mambo manne yanachunguzwa: ushahidi uliotolewa mbele ya tume za uchunguzi za 1974 na 1986, maonyesho ya picha yaliyofunguliwa katika Makumbusho ya Uganda mwaka 2019, maandishi ya Kiswahili yaliyofuata Vita vya Kagera, na msamiati wa Kiswahili unaotumika kuwataja waliokufa. Hoja kuu ni kwamba kumbukumbu rasmi, na pamoja nayo sehemu ya fasihi ya Kiswahili, imemweka dikteta katikati ya masimulizi na kumwacha mfiwa pembeni. Makala inahitimisha kwamba uenezaji wa Kiswahili nchini Uganda hauwezi kutenganishwa na deni hili la kihistoria, na inatoa mapendekezo kwa watunga sera.

Maneno ya msingi: wafiwa, kumbukumbu, kutoweshwa, mbolezi, sera ya lugha, Uganda

1. Utangulizi

Tarehe 25 Januari 1971 jeshi la Uganda liliipindua serikali ya Milton Obote, na Meja Jenerali Idi Amin akashika madaraka hadi Kampala ilipoangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walioungana nayo, tarehe 11 Aprili 1979. Makadirio ya waliouawa katika miaka hiyo minane yanatofautiana sana: wapo wanaotaja watu 80,000, wapo wanaotaja 300,000, na wapo wanaofika 500,000. Upana wa tofauti hizo ni ushahidi kwamba maiti nyingi hazikuhesabiwa, hazikutambuliwa na hazikukabidhiwa kwa wenyewe. Takwimu isiyo na uhakika kwa mtafiti ni swali lisilo na jibu kwa mjane.

Maandishi mengi kuhusu kipindi hiki yamejishughulisha na Amin mwenyewe: kimo chake, vituko vyake, vyeo alivyojipachika. Kwa namna hiyo muuaji amepata wasifu na waliouawa wamebaki idadi. Makala hii inageuza mtazamo. Inauliza kumbukumbu hizo zinamfaa nani, zinasemwa kwa lugha ipi, na familia zilizofiwa zimepewa nafasi gani ndani yake. Swali la lugha linagusa kongamano la Kiswahili moja kwa moja, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi za jeshi zilikotoka amri za kuua.

2. Kifo kisicho na kaburi

Asubuhi ya tarehe 21 Septemba 1972 askari walimkamata Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka ndani ya jengo la Mahakama Kuu, Kampala. Kiwanuka alikuwa ameiongoza serikali ya kwanza ya ndani ya Uganda kabla ya uhuru, na ndiye Mganda wa kwanza kushika wadhifa wa Jaji Mkuu. Muda mfupi kabla ya kukamatwa alikuwa ameamuru kuachiliwa kwa Mwingereza aliyekuwa kizuizini kinyume cha sheria. Mwili wake haukurudishwa. Mwaka huohuo alitoweshwa pia Frank Kalimuzo, Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Januari 1973 Padri Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Munno, alikutwa ameteketea ndani ya gari lake. Mwaka 1977 aliuawa mtunzi wa tamthilia Byron Kawadwa, baada ya kikundi chake kuiwakilisha Uganda katika tamasha la sanaa la Lagos. Hao ni watu waliofahamika. Nyuma yao walikuwapo askari wa Kiacholi na Kilango waliouawa makambini tangu 1971, makarani, wafanyabiashara na wakulima ambao majina yao hayakufika kwenye gazeti lolote.

Katika jamii nyingi za ukanda huu, mauti huwa na hatua zake: kilio, mazishi, matanga, na siku ya kuondoa tanga. Waganda wana okwabya olumbe, siku ambayo msiba hufungwa rasmi na mrithi akasimikwa. Waacholi wana guru lyel, karamu ya mwisho ya kumuaga marehemu. Hatua hizo zinategemea uhakika wa jambo moja, kwamba mtu amekufa. Aliyechukuliwa na gari la maofisa wa usalama na asionekane tena huwaacha watu wake kwenye kizingiti. Wakimlilia watakuwa wamemkatia tamaa, na wasipomlilia mirathi haigawiki, mrithi hasimikwi na mjane hajui aitwe nani. Serikali ya Amin yenyewe ililitambua tatizo hilo, ikatoa amri mwaka 1973 kuhusu usimamizi wa mali za watu waliotoweka. Dola iliyokuwa ikiwatowesha watu ilitunga sheria ya namna ya kutunza mashamba yao.

Mfano ulio wazi zaidi wa msiba uliozuiwa ni ule wa Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Aliuawa tarehe 16 Februari 1977 pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ilitangaza kwamba watatu hao walikufa katika ajali ya gari. Kaburi la askofu lilikuwa limechimbwa Namirembe, lakini mwili haukutolewa. Ulipelekwa kijijini kwake Mucwini, kaskazini mwa nchi, na kuzikwa huko. Waumini waliokusanyika Namirembe walifanya ibada bila jeneza na kutoka kusimama kando ya shimo tupu. Shimo lile linaeleza hali ya maelfu ya familia kuliko mnara wowote uliojengwa baadaye, kwa sababu lilikuwa na kila kitu cha mazishi isipokuwa marehemu.

3. Wafiwa mbele ya tume

Juni 1974, kwa shinikizo la ndani na nje, Amin aliunda tume ya kuchunguza kutoweka kwa watu tangu alipotwaa madaraka. Iliongozwa na Jaji Mohamed Saied. Tume ilisikiliza mashahidi 545 na kuorodhesha matukio 308. Iligundua kwamba vyombo viwili vya usalama, Kitengo cha Usalama wa Umma na Idara ya Utafiti ya Taifa, ndivyo vilivyobeba sehemu kubwa ya lawama. Ripoti haikuchapishwa, na mauaji yaliendelea kwa karibu miaka mitano zaidi.

Ni rahisi kuiona tume hiyo kuwa kiini macho, na kwa upande wa aliyeiunda huenda ndivyo ilivyokuwa. Lakini ikitazamwa kwa upande wa mashahidi, picha inabadilika. Wake wa waliotoweka walisimama mbele ya jaji, katika nchi ambamo kusema kulimpeleka mtu Nakasero au Makindye, wakataja siku, saa, rangi ya gari na mavazi ya waliokuja. Walifanya kazi ya uhifadhi wa kumbukumbu wakati muuaji bado yuko Ikulu. Waliyoyasema yaliingia katika kumbukumbu za serikali ileile iliyokuwa ikiwakana. Mtafiti anayeidharau tume kwa kuwa haikumzuia Amin anasahau kwamba shahidi hakuja kumzuia Amin. Alikuja kuthibitisha kwamba mumewe alikuwapo duniani.

Tume ya pili iliundwa mwaka 1986 chini ya Jaji Arthur Oder, ikachunguza ukiukaji wa haki za binadamu kuanzia uhuru wa 1962 hadi Januari 1986. Ilisikiliza mashahidi 608 na kutoa ripoti mwaka 1994. Upana wa kipindi ulikuwa sifa na kasoro kwa pamoja. Ulikuwa sifa kwa kuwa uliwaingiza wafiwa wa tawala zote, wakiwamo wale wa Nile Magharibi ambao ndugu zao waliuawa na wanajeshi baada ya Amin kuanguka, kama ilivyotokea katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, Juni 1981. Ulikuwa kasoro kwa kuwa fedha hazikutosha na miaka minane ya kungoja iliwachosha watu. Wapo mashahidi waliozeeka wakisubiri kusoma maneno yao wenyewe.

4. Kamera ilisimama wapi?

Mei 2019 Makumbusho ya Uganda, Kampala, yalifungua maonyesho ya picha za enzi ya Amin zilizotoka katika hazina ya Shirika la Utangazaji la Uganda. Hazina hiyo ina negativu zipatazo 70,000 zilizopigwa na wapigapicha wa serikali, ambazo kwa miongo mingi hazikuonekana na umma. Umuhimu wa kazi hiyo kwa wanahistoria haubishaniwi. Picha zinaonyesha mikutano, ziara, gwaride, michezo, sherehe, na pia watu waliotuhumiwa kwa magendo na uhujumu uchumi wakiwekwa mbele ya kamera. Amin anacheka katika nyingi kati yake.

Waandaaji hawakulificha pengo lililo ndani ya hazina hiyo: vyumba vya mateso havikupigwa picha. Hata hivyo, kulikiri pengo ni hatua ya kwanza tu. Kamera ya serikali ilisimama pale serikali iliposimama, na mtazamaji anayeingia ukumbini hana budi kusimama papo hapo. Anamwona raia kama alivyoonekana na dola: mkulima anayepiga makofi, mtuhumiwa aliyeinamisha kichwa. Maelezo ya pembeni, hata yakiwa sahihi kiasi gani, hayawezi kushindana na nguvu ya picha kubwa ya mtu anayecheka. Mtoto wa aliyeuawa anayetembelea ukumbi kama huo anakutana tena na sura ya aliyemfanya yatima, safari hii ikiwa imesafishwa na kuangaziwa taa.

Hazina nyingine ipo, nayo imetawanyika katika sebule za nchi nzima: picha ya harusi, picha ya mahafali, picha ndogo iliyobanduliwa kwenye kitambulisho. Humo aliyeuawa hakutazamwa na dola, alitazamwa na watu wake. Pia zipo barua, kalamu, Biblia au Msahafu wenye jina lililoandikwa kwa mkono, na hati ya mshahara wa mwezi ambao haukuchukuliwa. Makumbusho yanayotaka kusema ukweli wa miaka ile yanapaswa kuzikutanisha hazina hizi mbili ukutani, na kuziacha familia ziandike zenyewe maelezo ya picha zao. Uhakiki huu haudai picha za Amin zifichwe. Unadai zisionyeshwe peke yake.

5. Utenzi wa ushindi na mbolezi isiyoandikwa

Kiswahili kiliitikia kuanguka kwa Amin upesi. Mwaka 1980 Baldwin Mzirai alitoa kitabu Kuzama kwa Idi Amin, na mwaka 1981 Henry Muhanika alichapisha Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada. Kazi zote mbili zilitoka Tanzania, na zilizaliwa na tukio lililoigusa Tanzania kwa uchungu: uvamizi wa Kagera wa Oktoba 1978, vifo vya raia wa mkoa huo, na vita vilivyofuata. Zinafaa kusomwa kwa kuzingatia chimbuko hilo, na hakuna haki ya kuzilaumu kwa kutokuwa kile zisichokusudia kuwa.

Hata hivyo majina yake yanafundisha. Kuzama na anguko ni matukio yanayomhusu Amin. Yeye ndiye anayezama, yeye ndiye anayeanguka. Utanzu wenyewe una uzito wake. Utenzi wa vita una mapokeo ya karne nyingi katika pwani ya Afrika Mashariki, na mwelekeo wake ni wa safari ya jeshi, mapambano na ushindi. Katika mpangilio huo waliouawa huwa sababu ya vita, na vita vikishakwisha hadithi nayo imekwisha. Kwa mfiwa mambo hayaendi hivyo. Siku ya ukombozi milango ya Nakasero ilifunguliwa, na wengi waliokwenda kuwatafuta watu wao hawakuwakuta. Ushindi ndio ulioondoa tumaini la mwisho.

Kiswahili kina utanzu wa hali hiyo, nao ni mbolezi. Mbolezi haina haja ya mshindi. Inamtaja aliyekufa, inataja alichokuwa akifanya, inauliza kwa nini, na inawakusanya waliobaki. Swali la kihakiki ni kwa nini msiba wa Uganda uliingia katika Kiswahili kwa mlango wa utenzi wa vita na si kwa mlango wa mbolezi. Jibu mojawapo ni la kijiografia: walioandika Kiswahili walikuwa upande wa majeshi yaliyoshinda, na waliofiwa walilia kwa Kiluganda, Kiacholi, Kilango, Kijopadhola na lugha nyinginezo. Jibu la pili ni zito zaidi. Kwa familia nyingi za Kampala, Kiswahili kilikuwa lugha ya mlango uliogongwa usiku.

Kiswahili kilitumika katika jeshi la Uganda tangu enzi za wakoloni, na Amin mwenyewe alikulia kijeshi katika lugha hiyo. Mwaka 1973 alikitangaza kuwa lugha ya taifa, bila maandalizi ya shule wala vitabu. Baada yake hali haikutengemaa: katika miaka ya mwanzo ya 1980, chini ya serikali iliyotokana na uchaguzi, misako ya kijeshi jijini Kampala iliitwa panda gari, na maneno hayo mawili ya Kiswahili yalitosha kumfanya mtu aruke dirisha. Kaboya, wilayani Muleba, askari wa Tanzania waliokufa katika vita vile wana makaburi yanayotunzwa na kuenziwa. Umbali si mkubwa kutoka hapo hadi Uganda, lakini kati ya kaburi lenye jina na familia isiyojua pa kuweka shada la maua kuna pengo ambalo fasihi ya Kiswahili haijalivuka.

6. Maneno tunayowaitia

Uchaguzi wa maneno nao ni uchaguzi wa upande. Vyombo vya habari na hata maandishi ya kitaaluma huandika kwamba fulani alitoweka. Kitenzi hicho hakina mtendaji. Moshi hutoweka, ukungu hutoweka. Kisarufi, aliyetoweka ndiye kiima na ndiye chanzo cha kutokuwapo kwake. Kiswahili kina njia ya kurekebisha hilo bila kukopa neno popote: kiambishi cha utendeshi na cha utendwa huzaa kutoweshwa, na papo hapo msikilizaji huuliza, na nani? Ushuhuda wa wafiwa hukwepa mara nyingi istilahi zote mbili na kusema alichukuliwa. Neno hilo la kawaida linabeba mlango, mikono na gari.

Neno mhanga nalo linahitaji tahadhari. Katika Kiswahili mtu hujitoa mhanga. Kuna kafara na hiari ndani yake. Jaji aliyekamatwa ofisini na mkulima aliyetolewa shambani hawakujitoa. Kuwaita wote wahanga kunaweza kuligeuza kosa la jinai kuwa sadaka iliyopokelewa na taifa, na mtu hapelekwi mahakamani kwa kupokea sadaka. Kwa upande mwingine, neno shahidi lina utajiri ambao watunga sera hawajautumia. Shahidi ni anayetoa ushahidi, na shahidi ni aliyekufa kwa ajili ya haki. Neno moja linamfunga marehemu na mjane wake: mmoja ameshuhudia kwa kufa na mwingine anashuhudia kwa kusema.

Kuna pia ngazi za heshima. Hayati huelekezwa zaidi kwa viongozi, na marehemu huwatosha wote. Kumbukumbu ya kitaifa hufuata ngazi hizohizo. Tangu 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa nchini Uganda kwa heshima ya Janani Luwum, na Mahakama ya Uganda huandaa mhadhara wa kila mwaka wa kumkumbuka Benedicto Kiwanuka. Heshima hizo zinastahili. Lakini siku ile walikufa watu watatu, na sikukuu ina jina moja. Oryema na Oboth Ofumbi walikuwa mawaziri wa Amin. Utumishi wao unaifanya kumbukumbu yao iwe ngumu kuimba. Familia zao hazikufiwa kwa kiwango kidogo kwa sababu hiyo. Kumbukumbu inayochagua wafiwa kwa usafi wa historia ya marehemu haitawafikia wengi, kwa kuwa tawala za kijeshi huwaingiza watu wengi katika utumishi wake kabla ya kuwaangamiza.

7. Hitimisho na mapendekezo

Uhakiki huu umeonyesha kwamba masimulizi ya miaka ya Amin yamejaa sura ya mtawala katika picha, vitabu na hata sarufi. Wafiwa walitangulia kuhifadhi kumbukumbu, mapema kama 1974, lakini walichokihifadhi hakijarudishwa mikononi mwao. Mambo manne yanapendekezwa.

Kwanza, ushahidi wa tume za 1974 na 1986 uwekwe katika hali inayowawezesha ndugu wa waliotajwa kuusoma, kwa lugha wanazozielewa, pamoja na tafsiri ya Kiswahili kwa ajili ya kanda nzima. Pili, utekelezaji wa Sera ya Taifa ya Haki ya Mpito, iliyopitishwa na Uganda mwaka 2019, uzipe familia nafasi ya uandaaji katika makumbusho na minara, si nafasi ya wageni waalikwa. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na mabaraza ya lugha, isanifishe msamiati wa kutoweshwa kwa watu kwa kuzingatia anayetenda, kwa kuwa istilahi zitakazoingia leo katika sheria na taarifa za habari ndizo zitakazotumiwa na wafiwa wa kesho kudai haki.

Nne, lipo suala la sera ya lugha yenyewe. Katiba ya Uganda ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hoja zinazotolewa ni za biashara na utangamano, nazo ni za kweli. Hazitoshi kwa nyumba ambayo Kiswahili kiliingia kikiwa na bunduki. Mtaala unaomfundisha mtoto wa Uganda salamu na hesabu za sokoni bila kumwambia ni kwa nini bibi yake hushtuka akiisikia lugha hiyo unamtaka bibi ajitenge na mjukuu. Vitabu vya kiada viwe na masimulizi ya wafiwa, yaliyoandikwa kwa Kiswahili na Waganda wenyewe. Lugha iliyotumika kuamuru gari liletwe inaweza pia kutumika kumtaja, kwa jina lake kamili, aliyepandishwa ndani yake.